Na mwenye nyumba apimwe

Nyumba niliyopanga Magomeni kabla sijaoa ilikuwa na vyumba sita, korido moja, choo kimoja na mita moja ya LUKU. Pembeni ya mita lilining'inia daftari la kurasa 40, na kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye msumari isije ikatembea. Kila mpangaji aliandika alichowasha na kwa muda gani. Mimi nilikuwa na friji dogo la mtumba lililonguruma usiku kucha. Chumba cha mkabala alikaa Mama Zuhura, na Mama Zuhura alikuwa na pasi.

"Jirani, jana pasi imekaa nusu saa nzima."

"Nguo za shule za watoto watatu, kaka. Na hilo friji lako usiku linakula nini, ubwabwa?"

Tulikwenda hivyo miezi minne, hadi salamu zenyewe zikawa za kuvutana. Kisha mwenye nyumba, aliyekuwa akiishi Tabata na kutuongoza kwa simu, akatuma ujumbe: bili ya maji imepanda, kila chumba kiongeze, na kuanzia Jumatatu ni marufuku kuchota maji baada ya saa mbili usiku. Jioni ile Mama Zuhura aliniletea bakuli la maharage ya nazi. Tulikaa kibarazani hadi saa tano tukimsema mwenye nyumba, wapangaji wote sita, na sikumbuki kama kuna aliyelitaja friji.

Miaka baadaye nimeikuta nyumba ile ile, safari hii ikiwa Moscow. Kuanzia tarehe 3 Juni 2010 hadi 4 Novemba 2011, wanaume sita, Warusi watatu, Mfaransa, Mwitaliano na Mchina, walifungiwa siku 520 ndani ya vyumba vilivyounganishwa kama mapipa makubwa, bila dirisha, wakiigiza safari ya kwenda sayari ya Mirihi na kurudi. Jaribio liliitwa Mars-500. Kila wiki walijaza fomu, na mojawapo ya maswali lilihusu ugomvi: umegombana, na nani? Wataalamu walipojumlisha, ugomvi na waongozaji waliokuwa nje ulitajwa mara tano zaidi ya ugomvi wa wao kwa wao. Asilimia 85 ya ugomvi wote ilitoka kwa watu wawili tu, wale waliokuwa wamechoka na kuelemewa kuliko wenzao.

Maelezo ya kitaalamu yapo, na yana jina lake: kuhamisha hasira. Huwezi kumchukia mtu mtakayekula naye meza moja kwa siku nyingine mia tatu, kwa hiyo unamchukia aliye mbali. Nakubali nusu. Nusu ya pili haisemwi sana, nayo ni kwamba huenda mwenye nyumba alikuwa na makosa kweli.

Nakwepa neno "chemba" kwa makusudi. Mkazi wa Dar ukimwambia kuna watu walikaa kwenye chemba siku 520, atashika pua, maana kwake chemba ni ya maji taka. Tuseme chumba kilichofungwa. Kinachojaribiwa humo ni mfumo wa kutunza uhai, yaani mashine na mimea zitakazompa mtu hewa, maji na chakula akiwa mahali ambapo hawezi kufungua mlango. Hesabu yake si ngumu. Mtu mmoja kwa siku anatumia takribani kilo 0.84 za oksijeni na kutoa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa. Weka watu wanne kwa siku 91, kama walivyofanya NASA huko Houston mwaka 1997, na unahitaji zaidi ya kilo 300 za oksijeni peke yake. Kubeba mzigo huo angani ni gharama isiyobebeka, kwa hiyo hewa ya ukaa lazima igeuzwe, jasho likusanywe, mkojo usafishwe unywewe tena. Kituo cha kimataifa cha anga kilifikia kurejesha asilimia 98 ya maji mwaka 2023. Kazi hiyo inaanzia ardhini, kwenye chumba kilichofungwa, maana huko juu kifaa kikigoma hakuna mtaa wa Gerezani wa kukimbilia kipuri.

Katika vitabu vya wahandisi mtu huingia kwenye hesabu hii kama mzigo. Anakula kiasi hiki, anatoa kiasi hiki. Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana nao. Umewahi kukaa kwenye kikao pale Posta, ghorofa ya saba, watu kumi na wawili, milango na madirisha yamefungwa ili ubaridi wa AC usitoke? Zile AC za ukutani nyingi hazileti hewa mpya. Zinapoza hewa ile ile na kuirudisha. Ikifika saa tano asubuhi nusu ya kikao wanapigana na usingizi, na mwenyekiti anadhani tatizo ni ajenda. Kwenye kituo cha anga hewa ya ukaa imekuwa ikizidi ya nje kama mara kumi, na wanaanga wamelalamikia maumivu ya kichwa kwa miaka. Tazama mtego ulivyo: anayetakiwa kugundua kwamba hewa imeharibika ndiye ambaye akili yake inafifia kwa sababu hewa imeharibika. Mzigo gani huo unaotakiwa pia kuwa kipimo, na fundi, na mlalamikaji?

Hakuna mahali palipoonyesha jambo hili kama Biosphere 2, lile jengo la vioo la Arizona. Tarehe 26 Septemba 1991 waliingia watu wanane, wanawake wanne na wanaume wanne, wakafungiwa miaka miwili kwenye eneo la hekta moja na robo lenye msitu mdogo, bahari ndogo, shamba na mbuzi. Magazeti ya wakati ule yaliwacheka, na hata leo ukilitaja jaribio lile utaambiwa lilishindwa. Mimi naliona kama jaribio lililotufundisha kuliko yote, kwa sababu liliharibika mbele za watu.

Oksijeni ilianza kushuka, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua inakwenda wapi. Kutoka asilimia 20.9 ilishuka kwa miezi 16 hadi ikakaribia 14. Kwa anayeijua Kilimanjaro, hiyo ni kama kukivuka kituo cha Horombo ukaambiwa uhamie huko, ulime huko, uchote maji huko. Sababu ilipopatikana ilikuwa na sehemu mbili. Udongo wa shambani ulikuwa umejazwa mboji nyingi mno, vijidudu vyake vikawa vinatumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo nayo haikubaki hewani ili mimea iirudishe kuwa oksijeni, kwa sababu zege changa la kuta lilikuwa linainywa na kuwa chokaa ngumu. Mafundi wa pwani yetu wanalijua jambo hili kwa mikono yao, hata kama hawalisemi kwa lugha ya kemia. Chokaa ya matumbawe iliyojenga Kilwa na Unguja hugandama hivyo hivyo, kwa kunywa hewa ya ukaa polepole mwaka hadi mwaka. Kuta za Arizona zilifanya kazi ya kuta za Kilwa, ila ndani kulikuwa na watu wanane waliofungiwa pamoja nazo.

Watu hao walikuwa na njaa vilevile. Walikonda. Walikula viazi vitamu hadi mmoja wao, Jane Poynter, akageuka rangi ya chungwa. Kahawa ilitoka kwenye miti yao michache, kikombe kimoja kwa wiki kadhaa. Poynter amesimulia kwamba walikuwa wakikatiza sentensi katikati ili wavute pumzi, na kwamba daktari wao alifika mahali akashindwa kujumlisha hesabu ndogo. Ndipo Januari 1993 oksijeni ikapulizwa kutoka nje.

Na walikuwa wamegawanyika wanne kwa wanne. Marafiki wa miaka mingi wakawa wanapishana kwenye njia ya shamba bila kutazamana. Waandishi wengi huishia hapa, wakiongeza kichwa cha habari kuhusu watu kufungiwa na kurukwa na akili. Lakini uliza waligawanyika juu ya nini. Hawakugombea viazi. Kundi moja liliona wafuate uongozi wa mradi uliokuwa nje, kundi la pili lilitaka sauti ya wanasayansi washauri isikilizwe zaidi, hata kama maana yake ni kuingiza chakula au hewa. Huko nje mvutano ulikuwa huo huo, na Februari 1993 kamati ya washauri wa kisayansi ikajiuzulu. Ugomvi wa wenye nyumba ulipenya kwenye vioo ambavyo hewa haikuweza kupenya. Jambo ninalolipenda katika kisa hiki ni kwamba wale wanane, wamenuniana vile, waliendelea kukamua mbuzi, kupima maji na kupalilia kwa zamu hadi siku ya mwisho, tarehe 26 Septemba 1993. Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga hatashangaa. Mnaweza kutosemezana mwezi mzima na zamu ya kuosha choo ikaenda kama kawaida.

Mfano wa Moscow wa mkesha wa mwaka 2000 ni mchungu zaidi. Warusi wanne walikuwa ndani tangu katikati ya 1999, na Desemba likaingia kundi jingine la watu wa mataifa mbalimbali, akiwemo Judith Lapierre kutoka Kanada. Usiku wa mwaka mpya wanaume wawili walipigana hadi damu ikatoka, na Lapierre akabusiwa kwa nguvu. Alilalamika. Majibu ya waliokuwa nje yalikuwa kwamba ni tofauti za utamaduni. Mlango kati ya makundi mawili ukafungwa, na mshiriki Mjapani akaondoka kabla ya muda wake. Ukisoma taarifa za kitaalamu utakuta jaribio lile limewekwa kwenye fungu la matatizo ya makundi mchanganyiko, kama vile kasoro ilikuwa ni kuchanganya watu. Mwanamke alisema ameonewa, mwenye funguo akamwambia hajaelewa mila. Kipimo cha nani kilikuwa kibovu hapo? Miaka kumi baadaye Mars-500 ilifungia wanaume peke yao. Wapo wanaoliona hilo kuwa suluhisho.

Wachina nao walifanya jambo ambalo mpangaji yeyote angelikumbuka. Chuo Kikuu cha Beihang, Beijing, kina chumba kinachoitwa Kasri la Mwezini, ambako mimea na hata mabuu ya mbawakawa wa unga hulimwa na kufugwa kwa chakula. Kuanzia Mei 2017 hadi Mei 2018 vikundi viwili vya watu wanne walipokezana humo kwa siku 370: kundi la kwanza siku 60, la pili siku 200, kisha la kwanza likarudi kumalizia. Kuna wakati umeme ulikatika bila wao kutarajia. (Sisi tuliopitia mgao wa 2011 hatuna la kushangaa, ingawa sisi tulikuwa na madirisha.) Mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshahesabu siku zao, muda ukaongezwa siku tano. Makusudi yalikuwa kuona watapokeaje.

Naelewa mantiki yake. Angani safari inaweza kuchelewa, na mtu asiyeweza kubeba siku tano za ziada hafai kutumwa. Ila mtihani ule haukumpima mpangaji peke yake. Kucheleweshwa na dhoruba na kucheleweshwa na mtu aliyeamua kukuchelewesha ili akuangalie usoni ni mambo mawili, na moyo huyapokea tofauti. Baada ya siku hiyo, kila taarifa inayotoka nje itasikilizwa kwa sikio la pili. Ile imani iliyotumika pale kama sarafu ya majaribio inarudishwaje? Kwenye hesabu za oksijeni kila gramu iliyotoka hutafutwa ilikokwenda.

Siwaonei waongozaji. Katika historia yote hii kuna siku ambazo aliye nje ndiye aliyeokoa, na siku ambazo alitamani kuokoa akashindwa. Poynter alipokatwa ncha ya kidole na mashine ya kupura mpunga mwanzoni kabisa mwa ile miaka miwili, alitolewa kwa saa chache akafanyiwa upasuaji na kurudishwa. Februari 2018, kwenye jaribio la HI-SEAS la kuigiza maisha ya Mirihi huko Hawaii, mmoja wa washiriki alipigwa na umeme siku za mwanzo tu na safari nzima ikavunjwa. Na yupo Valentin Bondarenko. Alikuwa rubani wa miaka 24, siku ya kumi kati ya siku 15 za kukaa peke yake kwenye chumba chenye oksijeni nyingi, Moscow, tarehe 23 Machi 1961. Alijifuta kwa pamba yenye spiriti mahali palipobandikwa vipimo, akaitupa pamba, ikaangukia jiko la umeme. Katika hewa ile moto hauhitaji kubembelezwa. Waliokuwa nje walimwona, lakini mlango haukufunguka upesi kwa sababu ya tofauti ya mgandamizo wa hewa. Alifariki baada ya saa kadhaa, siku ishirini kabla Gagarin hajaruka, na umma wa Kisovyeti haukuelezwa hadi 1986.

Kwa hiyo mwenye nyumba ni wa lazima. Lakini hata kisa cha Bondarenko, ukikitazama kwa utulivu, ni kisa cha maamuzi yaliyofanyika nje. Nani aliweka jiko wazi kwenye oksijeni? Nani aliyempa spiriti? Nani aliuchora mlango? Mtu aliyechoka, wa siku ya kumi peke yake, alitupa pamba bila kutazama. Kila mtu hutupa pamba bila kutazama. Tuliiita bahati mbaya yake.

Wapo waliojenga kwa namna nyingine. Krasnoyarsk, katikati ya Siberia, kulijengwa chumba kilichoitwa BIOS-3, mita za ujazo 315, kama vyumba kumi na viwili vya futi kumi kwa kumi tunavyopanga hapa mjini, na sehemu kubwa yake wakapewa ngano, mboga na mwani. Mita za mraba zipatazo 8 za mwani zilimtosha mtu mmoja kwa hewa. Mwaka 1972 hadi 1973 kundi la watu watatu lilikaa humo siku 180. Kilichonivutia ni kwamba vidhibiti vya mfumo viliwekwa ndani. Aliyevuta hewa ndiye aliyeirekebisha. Houston mwaka 1997, kwenye zile siku 91, wanne walioingia, Nigel Packham, John Lewis, Laura Supra na Vickie Kloeris, walikuwa watu wa kazi hiyo hiyo. Kloeris alikuwa mtaalamu wa chakula, na wenzake wakiwa wahandisi wa mifumo. Miaka miwili kabla, Packham alikuwa amejifungia peke yake siku 15 akivuta hewa ya shamba dogo la ngano. Huyo hahitaji kuambiwa na mtu wa nje kwamba pampu ina mlio usio wa kawaida.

Mfano mdogo ninaoupenda kuliko yote ni wa 1972, Houston tena. Wanaanga watatu walifungiwa siku 56 kujaribu vifaa vya kituo cha anga cha Skylab kabla hakijarushwa. Mmoja wao, William Thornton, daktari na mtu wa mwili mkubwa, alikuwa akisema mapema kwamba mfumo wa kukusanya mkojo ni mdogo. Waliouchora walikuwa na wastani wao. Akaingia, akala kama alavyo, akakojoa kama akojoavyo, akafanya mazoezi kama afanyavyo, na mfumo ukaelemewa. Ukabadilishwa. Skylab iliporuka mwaka 1973 wanaanga hawakulazimika kuligundua hilo wakiwa angani. Sasa mfikirie Thornton huyo huyo akipitishwa kwenye usaili wa leo unaotafuta watu watulivu, wasiolalamika, wanaopatana na kila mtu. Angepita?

Hoja yangu ndiyo hiyo. Majaribio ya vyumba vilivyofungwa yamejaza makamera, saa za kupima usingizi na fomu upande mmoja wa mlango. Tunajua kwa mfano kwamba mmoja wa wale sita wa Mars-500 mwili wake uliacha kufuata siku ya saa 24 ukawa unakwenda na siku ya saa 25, akajikuta mara nyingi yuko macho wenzake wamelala. Tunajua walivyozidi kukaa bila kujongea kadiri miezi ilivyokwenda. Ni maarifa mazuri. Lakini aliyekuwa zamu nje usiku ule alilala saa ngapi? Alibadili maagizo mara ngapi kwa wiki? Swali lililotoka ndani lilikaa mezani kwake muda gani kabla halijajibiwa, ukiacha ule ucheleweshaji wa makusudi wa kuigiza umbali wa Mirihi?

Si kwamba hakuna aliyewahi kuuliza. Nick Kanas, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alipochunguza safari za kituo cha anga cha Mir aliwapa fomu wanaanga na waongozaji wao wa ardhini pia. Aliona hasira za wanaanga zikihamia kwa waongozaji, na za waongozaji zikihamia kwa wakubwa wao wa ofisini. Mwenye nyumba naye ana mwenye nyumba wake. Matokeo hayo yana miaka zaidi ya ishirini sasa, na ningetegemea kwamba kila chumba kilichofungwa tangu wakati ule kingekuwa na kipimo pande zote mbili za mlango kama kilivyo na kipimo cha oksijeni. Uzito bado uko ndani. Anayefungiwa huchaguliwa kwa miezi, hupimwa damu, mate na ndoto. Anayemfungia hupangiwa zamu.

Naambiwa nikisema hivi kwamba Mirihi itajirekebisha yenyewe, kwa kuwa ujumbe utachukua hadi dakika 22 kufika, na hakuna mwongozaji atakayeweza kumsumbua mtu aliye mbali hivyo. Sijui kama waliosema hayo wamewahi kuongozwa kwa simu kutoka Tabata. Ujumbe unaochelewa hauwi na amri chache. Unakuwa mrefu zaidi, na unafika hali imeshabadilika, na aliyeutuma amekwenda kula chipsi mayai na kulala. Aliye ndani anabaki na karatasi yenye maagizo ya jambo ambalo ameshalimaliza kwa namna nyingine, akijiuliza kama aseme au anyamaze. Akinyamaza leo, kesho atanyamazia kipimo cha hewa.

Ningeanza na jambo dogo. Kabla ya kumfungia mtu, anayeshika funguo aingie kwanza akae wiki mbili kwa masharti yale yale, ale chakula kile kile, anywe maji yaliyotoka kwenye mkojo wake, na aongozwe na mwenzake wa zamu ambaye hamfahamu. Kisha fomu ile ile ya kila wiki ijazwe pande zote, na majina ya waliogombana yasomwe na mtu wa tatu ambaye hana mshahara kwa yeyote kati yao. Na kila uamuzi wa kuwaficha walio ndani jambo fulani, hata kama ni siku tano tu, uandikwe mahali, na jina la aliyeuamua, kama tunavyoandika pasi.

Mwenye nyumba wetu aliwahi kulala Magomeni. Ilikuwa masika, kwake Tabata maji yaliingia hadi sebuleni, akaja na begi na godoro lake akawekwa chumba cha uani kilichokuwa wazi. Asubuhi ya pili nilimkuta kwenye foleni ya choo, kopo mkononi, wa nne kutoka mbele, akiitikia shikamoo za watoto bila kuwatazama. Usiku wa tatu umeme uliisha saa nane, feni zikasimama nyumba nzima. Akatoka koridoni na tochi ya simu akiuliza kwa sauti nani amemaliza uniti za watu.

Mama Zuhura alifungua mlango wake, kanga imefungwa kifuani, akachomoa kalamu msumarini na kumpa.

"Andika kwanza feni yako, baba."